Helikopta ya mtumba, mjomba wangu, na logibuku yenye mapengo

Najua nimepotea. Kazi za ofisini zilinibana, na mara ya mwisho niliahidi kuendelea na ile mada ya hifadhidata. Hifadhidata itangoja kidogo. Leo nataka kuwasimulia historia ya helikopta ambazo mtu hujiundia mwenyewe nyumbani, na sababu ni kwamba mwishoni mwa mwaka 2022 nusura moja yazo ihamie Nkubu.

Kwa wasioijua, Nkubu ni mji wa Imenti Kusini, kwenye barabara itokayo Meru kuelekea Chuka na Embu. Kutoka Meru mjini ni kama nusu saa kwa matatu, ikiwa dereva hana haraka ya kwenda mbinguni. Juu yake kuna chai na kahawa, na chini, ukiteremka Mitunguu, kuna ndizi. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana gereji hapo. Anatengeneza matatu, pikapu za ndizi na chochote kile chenye pistoni. Hakusoma sana darasani, lakini mkono wake unasikia injini kabla sikio halijasikia.

Mwaka huo, kama mnavyokumbuka, ulikuwa wa uchaguzi. Kabla ya tarehe 9 Agosti helikopta zilitua kwetu kama kunguru kwenye mahindi. Watoto wa shule walitoka mbio, akina mama wakashika leso, vumbi likaingia hadi kwenye sufuria za wenye hoteli. Mjomba hakusikiliza hotuba hata moja. Alikuwa akizunguka mashine, akihesabu, akiuliza marubani maswali mpaka walinzi wakamsogeza. Aliporudi gerejini alijua jambo moja: chopa hulipiwa kwa saa, na saa moja ni pesa ambazo gereji yake haioni kwa mwezi.

Basi jioni moja ya Novemba akanipigia simu. "Kijana, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Fungua hiyo linki nimekutumia, uniambie kama huyu ni mkora."

Linki ilikuwa tangazo kutoka Marekani. Helikopta ya viti viwili, Rotorway Exec 162F, saa 61 za kuruka, bei dola 36,000. Picha kumi na moja, rangi nyekundu, imeegeshwa kwenye banda safi. Kwa kiwango cha wakati ule ilikuwa zaidi ya shilingi milioni nne. Mjomba alikuwa na kiwanja upande wa Kanyakine, na mnunuzi wa kiwanja alikuwa amekwisha kukipima kwa hatua. Mkaza mjomba naye alikuwa amenipigia saa moja kabla, kwa sauti ya chini: "Mwambie huyo mjomba wako kwamba hicho kiwanja ni cha karo."

Mtu akisikia hivi anaweza kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mjomba hakuwa mshamba wa mtandao. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ameagiza Probox kutoka Japani bila kuondoka Nkubu, akaichukua Mombasa ikiwa jinsi ilivyoelezwa. Kwake helikopta ilikuwa Probox yenye panga juu. Ilinibidi nijue kwa nini si hivyo, na kumjua adui ni kumchimba alikotoka. Hapo ndipo historia inapoanza.

Helikopta inayofahamika zaidi kama mama wa hizi za leo ni VS-300 ya Igor Sikorsky, Mrusi aliyehamia Marekani. Iliinuka mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 1939, ikiwa imefungwa kwa nyaya isitoroke, na Sikorsky mwenyewe akiwa usukani. Mei 1940 ikaruka bila kufungwa. Injini ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 75 tu, chini ya Probox ya mjomba. Nawaomba muishike hiyo namba, kwa maana ndiyo iliyowatia watu wengi wazimu baadaye. Kama farasi 75 wanaweza kumwinua mtu, kwa nini mimi nisiwe na yangu uani?

Mtu aliyelichukua swali hilo na kulifanya biashara alikuwa Igor mwingine. Igor Bensen alizaliwa Rostov, Urusi, mwaka 1917, akaishia North Carolina, ambako alianzisha kampuni yake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mashine yake haikuwa helikopta kamili. Ilikuwa jairokopta: propela ya nyuma husukuma mbele, na panga za juu huzungushwa na upepo tu, bila injini. Mabomba ya alumini, kiti, usukani, basi. Aina iliyovuma sana, B-8M, ilitoka mwaka 1957, na wengi waliifunga injini ya McCulloch iliyoundwa kwa ajili ya vile vindege visivyo na rubani ambavyo jeshi lilivitungua kwa mazoezi ya shabaha. Yaani injini iliyotarajiwa kuishi muda mfupi sana ikapewa mtu wa kubeba. Bensen aliuza michoro na vipuri kwa posta, kupitia matangazo ya nyuma ya magazeti ya mafundi. Ukitaka kujua tangazo la mjomba lilizaliwa wapi, ni hapo, kwenye safu ndogondogo kati ya dawa za upara na kozi za kutengeneza redio.

Sheria nayo ilikuwa imefungua mlango. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950 Marekani ilikuwa na kundi maalumu la ndege za majaribio zilizoundwa na watu binafsi, na mwaka 1953 Paul Poberezny akaanzisha chama cha waundaji hao huko Milwaukee, EAA, ambacho kipo hadi leo. Kanuni yenyewe ni rahisi kuisema. Sehemu kubwa ya kazi, ndiyo watu huita asilimia 51, lazima ifanywe na mtu anayeunda kwa kujifunza au kwa kujifurahisha. Kiwanda kinaweza kumuuzia vipande, lakini hakiwezi kumuuzia ndege iliyokamilika. Kwa hiyo kwenye karatasi, mwundaji rasmi wa ndege si kiwanda. Ni Bwana Fulani, daktari wa meno au fundi wa mabomba, aliyetumia Jumamosi zake kukaza nati.

Naomba tukae hapo kidogo maana mimi mwenyewe nilipita haraka mara ya kwanza na ikabidi nirudi.

Ndege ya kawaida, tuseme Robinson R22 ambayo Frank Robinson aliirusha mara ya kwanza mwaka 1975 na kupewa cheti mwaka 1979, ina kitabu kinachosema kila kipande kinaishi saa ngapi. Ikifika saa 2,200 au miaka 12, lolote litangulialo, inafunguliwa yote na kujengwa upya. R22 ya Nairobi na R22 ya Texas ni ndugu mapacha. Fundi aliyefunzwa akiifungua anajua atakuta nini. Mpya yake ni zaidi ya dola 300,000, na sehemu kubwa ya pesa hiyo unalipia uhakika huo.

Helikopta ya kujiundia haina pacha. Kila moja ni ya mwundaji wake. Mmoja alikaza boliti kwa kipimo kilichoandikwa, mwingine kwa hisia za kiwiko. Mmoja alipitisha waya kushoto, mwingine kulia kwa sababu kulia ndiko alikokuwa na nafasi ya mkono. Sheria ya Marekani inalitambua hilo kwa namna ya ajabu: mwundaji anaweza kupewa cheti cha kuikagua ndege yake mwenyewe kila mwaka, kwa kuwa hakuna anayeijua kuliko yeye, lakini cheti hicho ni cha mtu huyo na ndege hiyo tu. Akiiuza, cheti hakiendi na ndege. Mnunuzi anaondoka na chuma. Ujuzi unabaki kwa aliyeuza.

Wenzangu mnaoandika programu mmeshaona ninakoelekea. Nani hajawahi kukabidhiwa mfumo ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi? Hakuna maelezo, faili inaitwa "mpya_mwisho_kweli2", na kwenye mstari wa 400 kuna neno moja tu: "usiguse". Ofisini ukigusa, tovuti inaanguka. Hapa kinachoanguka ni kilo 680 zenye mjomba ndani.

Sasa tuje kwa Rotorway yenyewe. Mwanzilishi wake, B. J. Schramm, alikuwa Arizona katika miaka ya 1960 akiunda helikopta ya mtu mmoja, Javelin. Kutokana nayo ikazaliwa Scorpion, ambayo aliiuza kwa vipande, na ambayo kwanza ilitegemea injini ya aina ya mashua. Baadaye kampuni ikaamua kutengeneza injini yake yenyewe, jambo ambalo kampuni nyingi kubwa za ndege hazijathubutu. Exec ya viti viwili ilikuja mwaka 1980, Exec 90 muongo uliofuata ulipoanza, halafu 162F katikati ya miaka ya 1990. Katikati ya hayo kampuni ilifilisika na kubadili mikono, na si mara moja. Schramm mwenyewe alifariki mwaka 2004 akijaribu kuizunguka dunia peke yake kwa helikopta. Hakuwa muuza ndoto anayebaki chini huku wengine wakipanda, na hilo namheshimu kwalo.

162F ni mashine nzuri kwa macho ya fundi. Injini ya silinda nne, nguvu za farasi 150, inapozwa kwa maji. Sindano za mafuta na moto wa plagi vinaongozwa na kompyuta, na kuna mfumo wa pili wa akiba wa kupokea kazi wa kwanza ukilala. (Ndiyo, nilitumia usiku mzima kusoma habari za hiyo kompyuta badala ya kumjibu mjomba.) Tatizo wanalolitaja wengi walioziendesha liko kwenye njia ya nguvu kutoka injini hadi panga. Nguvu inatoka kwa mikanda, inaingia kwenye shafti ya pili, inatoka hapo kwa mnyororo unaozunguka ndani ya oili, ndipo inafika kwenye mlingoti wa rota kuu. Rota ya mkiani nayo inazungushwa kwa mikanda inayopokezana hadi mwisho wa bomba la mkia. Hiyo shafti ya pili na beringi zake ndizo zimewatoa watu jasho. Ile ya mwanzo ilikuwa na kipenyo cha milimita 30. Baadaye wengi wakabadilisha wakaweka ya 35.

Nilipomweleza mjomba haya alinyamaza, halafu akasema, "Hiyo shafti ni kama ya posho mill. Beringi ikianza kula, inaanza kwa harufu." Kisha akataka kujua: ya huyu mtu ni 30 au 35?

Hilo lilikuwa swali la kwanza la maana kuliko yote niliyokuwa nayo, na halikutoka kwa mwenye digrii.

Kabla sijawapa jibu, niseme kidogo jinsi tangazo kama hilo lilivyoweza kufika Nkubu hata kidogo. Wamarekani walikuwa na gazeti lao la kuuziana ndege tangu 1937, Trade-A-Plane, karatasi za manjano. Huko ndiko mtumba wa angani uliuzwa kwa miaka yote kabla ya mtandao, na wauzaji na wanunuzi walikuwa watu wa nchi moja. Halafu eBay ikaanza mwaka 1995, na kufikia 2001 ndege kubwa ya Gulfstream II ikauzwa humo kwa dola milioni 4.9. Huku kwetu nyaya za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009, na simu za bei nafuu zikafuata. Baada ya hapo tangazo lililoandikwa kwa ajili ya jirani wa Arizona likawa linasomeka gerejini Nkubu, kwenye skrini yenye ufa na alama za grisi.

Na Wakenya tulikuwa tumeshafundishwa kuamini matangazo ya mbali. Aliyetufundisha ni gari la Japani. Lakini angalieni gari hilo linakuja na nini. Kuna karatasi ya mnada yenye alama, nne, tatu na nusu, au R kwa lililogongwa. Kuna ukaguzi kabla halijapakiwa melini. Kuna sheria ya hapa kwetu inayokataa gari lililozidi miaka minane. Ukifika Mombasa ukakuta ni Probox, basi kila fundi kutoka Moyale hadi Namanga anaijua Probox. Mjomba alipoiamini picha ya Japani hakuwa akimwamini muuzaji. Alikuwa akiuamini mlolongo mzima wa watu waliolikagua gari kabla yake, ingawa hakuwahi kuufikiria. Kwa helikopta ya kujiundia mlolongo huo haupo, na haupo kwa makusudi. Uhuru wa Bwana Fulani kujiundia ndio uliouondoa.

Nilimwandikia muuzaji barua pepe ndefu. Kusema kweli nilitarajia mkora: ataomba amana ya haraka, atasema yuko kwenye meli ya mafuta, mke wake ndiye atakayeshughulikia. Jibu lilikuja siku ya pili na likanivuruga zaidi, kwa sababu mtu yule alikuwa mkweli kabisa. Alisema yeye ni mmiliki wa tatu. Mwundaji alikufa miaka kadhaa iliyopita. Mmiliki wa pili aliiruka kidogo, akaoa, akaacha. Yeye mwenyewe aliinunua apate kujifunza, akaumwa mgongo. Akapiga picha kurasa zote za logibuku na kunitumia.

Nilizichapisha nikampelekea mjomba nilipokwenda nyumbani Krismasi. Tulizitandaza juu ya boneti ya pikapu. Kurasa za mwundaji zilikuwa raha kusoma, mwandiko mdogo, tarehe, kipimo cha kila kitu. Saa 40 za kwanza ni za majaribio ya peke yake, kama sheria yao inavyodai kwa injini ya namna hiyo, na kila saa ina maelezo. Kisha mwandiko unabadilika. Unakuwa mkubwa na mvivu. Halafu kuna miaka minne ambayo haina neno hata moja, ukurasa unaruka kutoka mwaka hadi mwaka kama redio iliyokatika betri. Baada ya pengo, mstari mmoja: shafti ya pili imebadilishwa. Hakuna kipenyo, hakuna namba ya kipande, hakuna jina la aliyebadilisha.

Mjomba aliweka kidole cheusi kwenye mstari ule na hakukiondoa kwa muda. "Huyu," akasema, "alibadilisha kwa sababu gani?"

Mtu hubadilisha shafti kwa sababu anataka bora zaidi, au kwa sababu ile ya kwanza ilianza kuimba. Hizo ni habari mbili tofauti, na kwenye logibuku zimeandikwa kwa maneno yaleyale.

Lakini hata kama shafti ingekuwa ya dhahabu, kulikuwa na mlima. Na hapa naomba mnivumilie na hesabu kidogo.

Vipeperushi vya kiwanda vilisema 162F inaweza kusimama hewani karibu na ardhi, ikisaidiwa na upepo wake yenyewe unaogonga chini, hadi futi 7,000. Mbali na ardhi, bila msaada huo, futi 5,000. Nkubu iko kati ya futi 4,500 na 5,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ukiangalia haraka unaona tunapita, ingawa kwa unywele. Tatizo ni kwamba futi hizo huhesabiwa kwa hewa ya kiwango, ambayo kwa kimo chetu ingekuwa na nyuzi tano au sita hivi. Nkubu ya saa nane mchana ina nyuzi 25. Hewa ya moto ni nyepesi, panga zinashika kidogo, injini inavuta kidogo. Marubani wana kanuni ya kukadiria: kila nyuzi moja ya ziada ni kama futi 120 juu. Mimi nilichukua futi 4,700, nikaongeza nyuzi 19 za ziada, nikapata karibu 7,000. Yaani mchana wa kawaida, kiwanja cha shule pale Nkubu, kwa mashine ile, kiko kwenye mpaka wa mwisho wa kusimama hewani hata ukiwa umekaribia nyasi. Watu wawili, tangi lijae, migomba kandokando: umekwisha.

Sisi wa Meru hatuna haja ya kuambiwa na kipeperushi. Mlima Kenya umeshatuonyesha. Septemba 1970 daktari kijana kutoka Austria, Gerd Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian akiwa na mwenzake Oswald Oelz, na uokoaji ukachukua siku nyingi. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alipanda na helikopta kusaidia, ikaanguka mlimani naye akafa. Judmaier aliteremshwa kwa kamba na mikono ya watu, akapona. Na Agosti 2012 helikopta tatu za kivita za Uganda aina ya Mi-24, zikiwa njiani kwenda Somalia, ziliishia kwenye mlima huohuo katika safari moja. Hizo ni mashine za jeshi, zenye injini mbili mbili. Sababu za ajali hizo si lazima ziwe ile hesabu yangu ya hewa, hali ya hewa ya mlimani ina mambo mengi. Ila mtoto aliyekulia Nkubu anaujua mlima ule unavyofunga mawingu saa nne asubuhi bila kubisha hodi.

Jambo la mwisho nililipata nikiwa nimeshachoka, na lilikuwa la kwanza ambalo ningepaswa kulitafuta. Ndege ya namna hii Marekani hairuhusiwi kubeba abiria au mizigo kwa malipo. Hata kule kwao. Inabandikwa neno la onyo kwa herufi kubwa ili anayepanda ajue ni ya majaribio. Ikija Kenya lazima ifutwe kwenye rejista yao, iombewe herufi za 5Y kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ikaguliwe, na anayeirusha awe na leseni ya helikopta. Hakuna afisa ambaye angeitazama helikopta iliyoundwa na marehemu asiyejulikana, yenye pengo la miaka minne, akasema, haya, mbebeni mheshimiwa.

Kwa hiyo biashara ya kampeni ilikufa pale pale juu ya boneti. Nilidhani na ndoto imekufa nayo. Mjomba alichukua kikombe chake cha chai, akakaa kwenye tairi. "Kwa hivyo siwezi kukodisha."

"Huwezi, mjomba."

"Na kuiunda mwenyewe?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilimtajia Mubarak Abdullahi, mwanafunzi wa fizikia wa Kano, Nigeria, ambaye mwaka 2007 alitangazwa dunia nzima kwa kuunda helikopta kwa miezi minane, na injini ya Honda Civic, ikainuka futi saba hivi. Na karibu nasi zaidi, ng'ambo ya mlima, Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta kama mimi, ambaye mwaka 2010 alivuma kwa ndege aliyoiunda uani kwake kwa injini ya Toyota na mafunzo ya mtandaoni. Magazeti yetu huwaandika watu hawa kwa namna mbili, shujaa au kichekesho, na sipendi yoyote kati ya hizo. Wanafanya kile kile alichofanya daktari wa meno wa Arizona kwenye banda lake. Tofauti ni kwamba yule wa Arizona ana chama, ana mkaguzi, ana kipande kilichopimwa kiwandani na kitabu cha kumwambia boliti hii ikazwe kiasi hiki. Wetu ana chuma cha Gikomba na wapiga picha.

Mjomba alisikiliza yote. Mkaza mjomba alikuwa mlangoni na sahani ya mukimo, naye alisikiliza pia. Hakuna aliyesema kitu. Kiwanja cha Kanyakine hakikuuzwa. Mwaka uliofuata binti yao aliingia chuo.

Mwezi Machi 2023 niliangalia lile tangazo, mazoea tu. Juu ya picha nyekundu palikuwa pameandikwa: imeuzwa. Nilimpigia mjomba nikidhani atafurahi kuona mlango umefungwa. Badala yake akauliza kwa haraka, "Aliyeinunua anajua kuhusu ile shafti?"

Sikuwa na jibu. Nikamwandikia muuzaji tena, nikiona aibu kidogo, maana haikuwa helikopta yangu wala nchi yangu. Alijibu usiku huohuo. Alisema mnunuzi ni fundi wa matrekta, na kwamba kabla ya kumkabidhi aliichapisha barua yangu ya pili, ile yenye maswali kumi na manne ambayo mjomba aliyasema nami nikayaandika, akaitia ndani ya logibuku, kwenye lile pengo la miaka minne. Fundi yule alikuwa ameifungua shafti siku ya kwanza. Ilikuwa ya 35.

Mjomba alipopata habari alinyamaza kidogo kwenye simu. Nilisikia spana ikianguka sakafuni na mtu akimwita. "Na beringi," akasema, "alizitazama beringi?"